Kukaa kutwa kitini: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

"Mimi sikai, niko barabarani kutwa." Kauli hii utaisikia kwa madereva wa bodaboda wa Mwanga na Ujiji. Kinachotembea ni pikipiki. Mapaja ya dereva yametulia kama ya karani ofisini, na akifika kijiweni anabaki juu ya siti ile ile akisubiri abiria.

Ushahidi kwamba kukaa sana kunadhuru upo tangu zamani. Mwaka 1953 daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Baadaye Morris mwenyewe alichunguza vipimo vya sare akakuta madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa kiti. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeendelea kuhusisha kukaa sana na ugonjwa wa moyo na kisukari aina ya pili.

"Jioni nacheza mpira, inatosha." Inategemea unacheza kiasi gani. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha watu zaidi ya milioni 1 ulionyesha kwamba hatari ya ziada ya kufa mapema kwa kukaa zaidi ya saa 8 kwa siku ilitoweka kwa wale waliofanya mazoezi ya wastani kama dakika 60 hadi 75. Kila siku. Mechi ya Jumamosi na soda mbili baada yake haifiki huko, ingawa usiiache.

"Bila jasho hakuna faida." Hii ndiyo inayowaponza wengi, maana anayeiamini akikosa nafasi ya kukimbia hafanyi chochote. Chukua mlo wa mchana: ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Baada ya kula, sukari hupanda kwenye damu. Msuli unaojikunja huivuta sukari hiyo hata kwa njia isiyotegemea insulini, homoni ya mwili inayoshusha sukari. Msuli uliolala huivuta kwa uchache. Watafiti wa Australia waliwapa watu 19 wenye uzito uliozidi kinywaji chenye sukari, wakawakalisha kwa saa kadhaa. Siku walipoinuka kutembea polepole dakika 2 kila baada ya dakika 20, sukari ilipanda pungufu kwa karibu robo. Siku walipotembea kwa kasi zaidi, tofauti haikuwa kubwa. Ni watu wachache, ndiyo, ila Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kupunguza kukaa na kuweka mahali pake mwendo wowote, hata mwepesi.

"Nikiinuka kazi inalala." Wakala wa pesa za simu hawezi kuacha kibanda wazi, kweli. Anaweza kuhudumia akiwa amesimama, akainua visigino huku akisubiri ujumbe wa muamala. Fundi cherehani aiweke pasi mbali na mashine, kila nguo imwinue. (Cherehani cha kukanyaga kilikuwa na nafuu yake, mota ya umeme imeipumzisha hata miguu.)

"Basi nitasimama kutwa." Hapana. Kusimama wima bila kusogea huchosha mgongo na kujaza damu miguuni. Badilisha badilisha.

Safari ndefu nazo zihesabiwe. Ukikaa bila kujongea saa 4 au zaidi, iwe kwenye basi, treni au ndege, uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya unabaki mdogo. Treni ya kwenda Dar es Salaam ina ujia, utumie. Kwenye basi, chezesha vifundo vya miguu, na likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama huna haja. Mjamzito, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya kukata tiketi.