Wajibu wa uangalizi kwa mhudumu wa ambulensi: unaanzia wapi, unakomea wapi

Wajibu wa uangalizi ni deni la kisheria alilo nalo mtu kwa mwenzake anayeweza kudhurika kwa kitendo chake au kwa uzembe wake. Dereva wa matatu analo kwa abiria, daktari analo kwa mgonjwa. Kwa mhudumu wa ambulensi, anayeitwa pia paramediki, deni hili ni zito zaidi kwa sababu anakutana na mtu asiyemjua, mara nyingi kando ya barabara, mtu ambaye pengine hawezi kusema hata jina lake. Hakuna faili wala daktari bingwa wa kuulizwa, na muda ni mchache. Hata hivyo sheria inamtaka awe na sababu ya kila alichofanya na ya kila alichoacha kufanya.

Jambo la kwanza ni kujua wajibu huu unaanza lini. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, mpita njia kwa kawaida hashtakiwi kwa kutomsaidia majeruhi asiyemjua. Huduma ya ambulensi haina nafasi hiyo. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke wa London aliyebanwa na pumu nyumbani kwake. Daktari wake aliita ambulensi na akaambiwa inakuja. Simu zilipigwa tena, jibu likawa lile lile. Gari lilifika baada ya dakika 38 bila sababu ya maana ya kuchelewa, na mgonjwa akaacha kupumua kabla ya kufikishwa hospitalini. Alibaki na madhara makubwa. Daktari alieleza kwamba angejua gari litachelewa hivyo, angeshauri mgonjwa apelekwe kwa gari la nyumbani.

Mahakama iliona kwamba huduma ya ambulensi ikishapokea simu ya mgonjwa fulani na kukubali kumfuata, tayari imejifunga kwake. Watu wa nyumbani wameacha kutafuta njia nyingine kwa sababu wameahidiwa. Kwa hiyo wajibu unaweza kuanza kwenye simu, kabla mhudumu hajamwona mgonjwa kwa macho. Kesi hiyo hiyo ilifichua kwamba muda wa kufika ulioandikwa kwenye kumbukumbu za ambulensi haukuwa wa kweli. Kuchelewa ni kosa, lakini kubadilisha saa ili kuficha kuchelewa ni udanganyifu, na huvunja imani ya mahakama katika kila kitu kingine kilichoandikwa kwenye fomu ile.

Kenya imekwenda mbali zaidi na kuyaandika haya katika sheria zake yenyewe. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma anayopewa mgonjwa kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza hali yake isizidi kuwa mbaya, na kumpangia rufaa ya kupelekwa kituo kingine pale kituo cha kwanza kisipokuwa na uwezo. Kituo cha afya kinachokataa kutoa matibabu ya dharura ilhali kina uwezo kinatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Maana yake ni kwamba kazi ya ambulensi ni sehemu ya haki ya kikatiba. Hayo ni mengi kuliko kubeba watu.

Je, kipimo cha kazi nzuri ni kipi? Sheria haidai miujiza, wala mgonjwa kufariki mikononi mwa mhudumu si ushahidi wa uzembe. Kinachoulizwa ni kama alifanya yale ambayo mhudumu mwingine makini, mwenye mafunzo kama yake, angeyafanya katika mazingira kama yale. Hapo ndipo mipaka ya leseni inapoingia. Aliyefunzwa ngazi ya msingi haruhusiwi kuchoma dawa au kupitisha mrija wa hewa kooni ikiwa ngazi yake haimruhusu, hata kama amewaona wenzake wakifanya mara nyingi. Akijaribu na mgonjwa akaumia, nia njema haitamwokoa. Upande wa pili nao ni kweli: aliyefunzwa na mwenye vifaa, akaacha kufanya kwa woga wa lawama, naye ameshindwa wajibu wake.

Ridhaa ndipo penye utata mwingi. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukubali au kukataa kuguswa, na kumtibu kwa nguvu kunaweza kuhesabiwa kuwa shambulio. Asiye na fahamu hawezi kusema lolote. Hapo sheria inaruhusu atibiwe kwa kudhani kwamba angetaka kuokolewa, isipokuwa kama alishakataa waziwazi kabla. Sheria ya Afya ya Kenya inataja hali ya dharura miongoni mwa sababu za kuendelea bila ridhaa ya mdomo au ya maandishi. Mtoto aliyegongwa akitoka shuleni hasubirishwi mpaka mzazi apatikane kwenye simu. Mzazi anatafutwa, ndiyo, lakini damu inazuiwa kwanza.

Anayekataa huku akiongea ndiye humtatiza mhudumu. Chukua mfano wa mwanamume mwenye kisukari aliyekutwa kibandani kwake, jasho linamtiririka, anafoka kwamba hataki kuguswa na kila mtu atoke. Mhudumu mwenye haraka anaweza kuandika kwamba mgonjwa amekataa huduma, akaondoka. Lakini sukari ikishuka sana huvuruga akili, na mtu anaweza kuonekana mlevi au mkorofi kumbe ubongo wake unakosa chakula. Kukataa kwa mtu wa namna hiyo hakuna uzito wa kisheria mpaka ithibitike kwamba anaelewa anachokikataa. Ndiyo maana kipimo cha sukari cha kidoleni, kinachochukua sekunde chache, kina thamani kubwa kuliko sahihi kwenye fomu. Vivyo hivyo kwa aliyeumia kichwa, aliyelewa, au aliyepungukiwa hewa.

Akiwa anaelewa kweli na bado anakataa, uamuzi ni wake, hata kama unauma. Mhudumu anamweleza kwa lugha anayoielewa kinachoweza kumpata, anamwambia anaweza kupiga simu tena wakati wowote, anatafuta shahidi, na anaandika maneno ya mgonjwa kama yalivyotamkwa. Kumtisha au kumdanganya ili apande gari hakukubaliki.

Nakuja kwenye jambo ambalo huwajaribu wahudumu wetu kuliko mengine. Kijana ametuhumiwa kupora simu, umati umempiga mpaka amelala kifudifudi. Pembeni ameketi aliyeporwa, amechanika mkono. Ambulensi ni moja, na umati unapiga kelele kwamba mwizi aachwe. Maadili ya tiba hayana swali hapa: anayeanza kuhudumiwa ni yule aliye karibu zaidi na kifo na bado anaweza kuokolewa, na hukumu ya wizi ni kazi ya mahakama. Utaratibu ni ule ule unaotumika kwenye ajali kubwa, ambapo wagonjwa hupangwa kwa rangi, nyekundu kwa wa haraka, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa aliyefariki au asiyeweza kuokolewa. Hakuna rangi ya mtu mwema.

Lakini wajibu huo haumtaki mhudumu aingie katikati ya mawe. Usalama wa eneo hutangulia, kwa sababu mhudumu aliyejeruhiwa ni mgonjwa mwingine na ni pengo kwenye zamu. Akiona hatari anakaa mbali kidogo, anaita polisi, na anaandika saa aliyowaita. Kungoja kwa sababu hiyo si kumtelekeza mtu.

Kuhusu siri, kosa la siku hizi linafanywa na simu ya mkononi. Picha ya ajali iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu aliyevaa sare inaweza kuifikia familia kabla ya taarifa rasmi. Nchini Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Anayestahili kuambiwa hali ya mgonjwa ni yule anayempokea kumtibu. Jirani na mwandishi wa habari hawamo, hata wakiuliza kwa upole.

Tubaki kwenye mwisho wa wajibu, kwa sababu hapo ndipo mfumo wetu umeumiza watu zaidi. Wajibu ulioanza haukatiki kwa sababu zamu imeisha au hospitali imefunga geti. Unakoma mgonjwa anapopokewa na mtu mwenye ujuzi sawa au zaidi, baada ya maelezo kutolewa: kilichotokea, alivyokutwa, alichopewa, na saa ngapi. Kumwacha kabla ya hapo ni kumtelekeza, na kunaweza kumgharimu mhudumu leseni na kesi.

Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulensi takriban saa 18 akizungushwa kutafutiwa kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kwingine hakukuwa na nafasi, kwingine kulidaiwa malipo ya awali ambayo familia haikuwa nayo. Mhudumu aliyekuwa naye hakumwacha. Alikaa pale akimsaidia kupumua kwa vifaa vya gari, vifaa vilivyotengenezwa kwa safari ya muda mfupi. Mgonjwa alipopokewa hatimaye, alifariki muda mfupi baadaye.

Nasema bila kusita kwamba mhudumu yule alitimiza wajibu wake, na kwamba haikuwa haki kumwachia peke yake mzigo wa mfumo mzima. Wakati ule Katiba ilikuwa na miaka mitano ikisema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya 2017 ilikuja kuweka adhabu, na inampa mhudumu wa leo kitu cha kushika anaposimama getini. Hospitali isiyo na kitanda cha mahututi bado inaweza kumtuliza mgonjwa kwa uwezo ilionao, na kama haina uwezo wowote inapaswa kupanga rufaa: kupiga simu, kupata jibu kwamba mgonjwa atapokewa, ndipo gari liondoke. Kuelekeza kwa kidole barabarani si rufaa. Ikikataa hata hivyo, mhudumu anaandika kwenye fomu ya mgonjwa jina la aliyekataa, cheo chake, sababu aliyoitoa na saa, anakijulisha kituo chake cha simu papo hapo, na anaendelea kumhudumia aliye kwenye machela.