Sumaku Haikuifuta Flashi Yako

Wiki hii nimeletewa tena flashi iliyokufa, pamoja na maelezo yale yale: iliwekwa juu ya spika, spika ina sumaku, kwa hiyo sumaku imefuta kila kitu. Katika kazi yangu ya kuokoa data nimeyasikia maelezo haya mara nyingi mno, na sijakutana na flashi hata moja ambayo kwayo yalikuwa kweli. Hii ya juzi, nilipoitazama kwa lenzi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele katika lehemu, pale plagi inaposhikana na bodi. Nilitia lehemu upya katika miguu miwili, na mafaili yote yakaonekana.

Kosa linaanzia katika kudhani kwamba kila chombo cha kuhifadhia data ni cha sumaku. Diski ngumu ni ya sumaku, naam. Mwanafizikia Oersted alionyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira, na mwanafizikia mwenzake Faraday mwaka 1831 akaonyesha kwamba sumaku inayosogea huzalisha umeme katika waya. Kuandika na kusoma kukawa tayari kumepata msingi, ingawa diski yenyewe ilisubiri hadi 1956, IBM ilipotoa mashine yenye sahani 50 iliyobeba herufi milioni 5. Kichwa cha kuandikia ni sumakuumeme ndogo mno: mkondo ukipita upande mmoja, chembe za metali zilizo chini yake huelekezwa juu, na ukigeuzwa huelekezwa chini. Vichwa vya kusomea vya siku hizi havitegemei tena koili, bali tabaka nyembamba zinazobadili ukinzani wake zikikutana na uga wa sumaku, njia iliyofunguliwa na ugunduzi wa wanafizikia Albert Fert na Peter Grünberg wa mwaka 1988.

Flashi haina lolote kati ya hayo. Ndani yake mna transista nyingi, yaani swichi ndogo mno za umeme, na kila moja ina kijisehemu cha kunasia chaji kilichozingirwa pande zote na kihami, kitu kisichopitisha umeme. Ili kuandika, volti zinazokaribia 20 huzilazimisha elektroni kupenya kihami hicho chembamba na kubaki ndani. Ili kusoma, kidhibiti hupima ni volti ngapi zinazohitajika kuifungua transista, kwa kuwa chaji iliyonaswa huifanya iwe ngumu zaidi kufunguka.

Hapo ndipo mjuaji mmoja hunikatiza: elektroni nazo si husukumwa na sumaku? Husukumwa zikiwa katika mwendo, na msukumo huo daima huwa wa pembemraba na mwendo wenyewe, kwa hiyo huipindisha njia ya elektroni bila kuiongezea nishati hata chembe. Mfungwa aliye nyuma ya ukuta hasaidiwi na mtu anayemgeuza uso kushoto na kulia. Anahitaji nguvu ya kuuruka ukuta. Mjuaji akiwa hodari atamleta Faraday na kusema kwamba sumaku inayopungwa huzalisha uga wa umeme, naye atakuwa amesema kweli, isipokuwa uga unaotokana na mkono wa binadamu ni hafifu kupindukia ukilinganishwa na ule wa kuandikia, ambao ndani ya kihami hufikia mamilioni ya volti kwa sentimita.

Hata diski ngumu haiogopi sumaku kama watu wanavyodhani. Ifungue iliyokufa uone: kando ya sahani zinazong'aa kama kioo mna vipande viwili vya sumaku ya neodimiamu, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyoisogeza mikono ya vichwa, navyo huing'ang'ania bisibisi kiasi cha kukubana vidole. Vimekaa humo miaka yote, sentimita chache kutoka kwenye data. Imani hii ilikuwa na haki yake enzi za kaseti na flopi, ambazo chembe zake ziligeuzwa kwa uga mdogo. Chembe za diski za sasa zinadai takriban nusu tesla (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na uga wa sumaku hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali nayo.

Ninachokiogopa mimi ni muda. Chaji ya flashi huvuja polepole, na vitabu hupenda kutoa idadi moja ya miaka kana kwamba ni tarehe ya kuharibika iliyochapwa kwenye kopo. Sioni idadi moja inayoweza kuwa ya kweli, kwa sababu kihami huchakaa kila kinapoandikiwa, joto huharakisha uvujaji, na seli, yaani transista moja ya kuhifadhia, inayobeba biti 3 hulazimika kutofautisha viwango 8 vya chaji. Hata usomaji wa kawaida hujaa makosa yanayosahihishwa kimyakimya kwa hesabu. Diski nayo huchagua mfuatano wa biti unaoelekea zaidi kuwa sahihi. Unaposema faili lako limesomwa, jua limekisiwa kwa ustadi mkubwa.

Imani hii ina madhara ya upande wa pili pia. Ziko mashine za kuondoa usumaku zinazotumiwa kuharibu diski kabla ya kutupwa, na kwa diski ngumu zinafanya kazi barabara: zinafuta hata alama za kuongozea vichwa, ikabaki chuma kitupu. Nimewahi kupokea SSD, yaani diski isiyo na sahani, inayohifadhi data kwa chaji kama flashi, iliyopitishwa humo na mtu aliyeamini ameshamaliza kazi. Niliichomeka, ikafunguka.