Kujifunza Ala Ukubwani Si Kosa, Kipaza Sauti Ndicho Kinacholeta Kesi

Malalamiko ya kelele kutoka mitaa ya makazi yamezidi katika ofisi yetu ya mazingira hapa Pwani. Ya baa tumeyazoea. Jipya ni jirani kumshtaki jirani kwa kinanda, kwaya ya watu wazima kushtakiwa kwa mazoezi, na mzee mmoja mstaafu kushtakiwa kwa akordioni. Wengine nao huja kuomba leseni ya kupiga udi, ala ya nyuzi, sebuleni. Leseni hiyo haipo. Msipoteze nauli.

Tusingependa mtu aache muziki kwa kuogopa kaunti. Mimi mwenyewe nilishika udi nikiwa na miaka 46. Nyuzi zake 11, jozi tano na mmoja mnene ulio peke yake, zilinimalizia miezi ya kwanza kwa kuzikaza tu. Shingo ya udi haina vigawanyo. Kidole chenyewe ndicho kinachotafuta sauti, na kikikosea kwa unywele sikio linakusuta. Nusu saa ya kazi hiyo haimwachii mtu nafasi ya kufikiria faili. Anayeimba naye hupata somo la pumzi: kuvuta kwa kina, kutoa kidogo kidogo hadi mwisho wa ubeti. Na kwenye kwaya, mtu mzima aliyezoea kusikilizwa hulazimika kumsikiliza wa pembeni yake.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye kusikiliza. Taarabu niliyoisikia tangu utotoni nilikuwa naijua kwa maneno yake. Sasa nasikia fidla zinavyomjibu mwimbaji, na pale mpiga ngoma ya dumbak anaposubiri kabla ya kuingia.

Hoja kwamba vidole vya ukubwani vimeshakauka nimeichoka. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliingia mjini Unguja mwaka 1911, muuza vyungu aliyekwisha kufika miaka ya thelathini, na muziki wa ala akafundishwa huko huko. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Simtaji ili mtu aache kazi yake. Namtaja kwa sababu ya umri.

Sasa sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na vipimo vimo katika Kanuni za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo iliyozidi. Mchana kisheria huanza saa 12:01 asubuhi na kuisha saa 2:00 usiku. Kwenye makazi, kiwango cha mchana ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 45 ndani ya nyumba na 50 nje. Usiku ni 35 kote. Anayetarajia kuzidisha, kwa mfano kwa tamasha lenye spika, huomba leseni mapema, kabla ya kufunga mitambo. Leseni haizidi siku 7, na haimpi mwenye nayo ruhusa ya mwaka mzima kama wengi wanavyodai mbele ya askari. Atakayekiuka Kanuni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Makala haya ni maelezo tu; panapobishaniwa, maandishi ya Kanuni ndiyo yanayofuatwa.

Desibeli hazihesabiki kama kilo za unga. Zikiongezeka 10, sikio huona sauti imekuwa kama maradufu. Kwa hiyo “nimeongeza kidogo tu” si utetezi. Mnaojifunza, chomoeni spika, fungeni dirisha la upande wa jirani, malizeni kabla ya saa 2 usiku. Kinanda cha umeme kina tundu la visikizio. Kitumieni, ila si kwa sauti ya juu. Masikio yanayokaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huanza kuharibika, na kila zinapoongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu.

Yule mstaafu tulikwenda kumpimia, saa 10 alasiri. Kipimo hakikuvuka kiwango. Jirani akalalamika kwamba wimbo ni ule ule kila siku, na mzee hukosea pale pale. Tulimweleza kwamba Kanuni hazina kifungu cha kukosea. Faili limefungwa.