Makazi ya ndege: kwa nini ukubwa wa msitu haumtoshi bundi wa Sokoke

Makazi ya ndege ni mahali anapopata kwa pamoja chakula, pa kulala, pa kutaga na pa kujificha. Kikikosekana kimoja, ndege haishi hapo, hata miti ikijaa. Wengi hukosea hapa: hupima ukubwa wa msitu wakadhani wamepima makazi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi katika pwani ya Kenya, una kilomita za mraba 420 hivi. Kwenye ramani ni kipande kimoja cha kijani. Ukiingia ni misitu mitatu. Mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, juu ya mchanga mweupe, imesimama miti ya mirihi (Brachystegia) iliyoachana. Magharibi udongo ni mwekundu, na hapo mfunda (Cynometra webberi) hufunga vichaka vizito. Bundi wa Sokoke, ndege wa sentimita 17 na gramu 50 hivi, huishi kwenye mfunda. Ukimtafuta kwenye mirihi utakesha bure, ilhali chozi wa Amani, ndege mwingine mdogo, hutafuta chakula huko huko, juu vileleni.

Mchana bundi huyu hulala ndani ya kichaka, mara nyingi dume na jike bega kwa bega, si juu sana kutoka ardhini. Wapo wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu; mtu hupita karibu akadhani ni majani makavu yaliyonasa. Usiku hula wadudu.

Shida kubwa ni mashimo. Bundi wadogo wa jamii yake hutaga kwenye mashimo ya miti, na hawawezi kuyatoboa wenyewe. Mashimo hupatikana kwenye miti mizee. Mkata muhugu wa vinyago, au mfunda wa nguzo, huchagua mti mnene kwanza. Machipukizi hurudi upesi, picha ya setilaiti ikabaki kijani, lakini shimo jipya husubiri miongo.

Kwa hiyo bundi huhesabiwa kwa sikio, usiku, kwa mlio wake mfupi unaorudiwa sawasawa. Anayepiga mlio uliorekodiwa asizidishe: ndege huufuata, akahesabiwa mara mbili, tena huacha kuwinda.

IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Tanzania yupo Usambara Mashariki, alikothibitishwa mwaka 1992, lakini kwenye misitu ya chini, ile iliyo jirani na mashamba. Kulinda misitu ya vileleni mwa milima peke yake hakumfikii.