Mwanya hauniogopeshi, linaloniogopesha ni msongamano

Likizo ya Agosti kliniki yangu hujaa watoto. Wazazi wa Mombasa hungoja shule zifungwe na chuo cha Kurani kipumzike kidogo, ndipo wakumbuke meno. Mwaka jana mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni na wanawe wawili: binti wa miaka minane, na mdogo wake wa kiume wa miaka sita aliyeletwa tu kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia.

“Daktari, nitazamie huyu binti. Meno ya juu yameachana, wenziwe wamcheka chuoni. Mfunge waya mapema.”

Nikamtazama. Meno mawili makubwa ya mbele, mwanya katikati, na ncha zake zimetanuka kidogo kama kipepeo anayetaka kuruka. Nilimaliza kazi kwa dakika tano. Chonge za utu uzima bado ziko juu ndani ya mfupa, na huko ziliko zinabana mizizi ya meno ya mbele, ndiyo maana vichwa vya meno vinaachana. Zikishuka, kwenye miaka 11 au 12, mara nyingi zenyewe ndizo zinazoyasukuma meno yakakaribiana. Mwanya usiozidi milimita 2 hivi kwa kawaida huziba bila mkono wa mtu. Ukiwa mpana zaidi natafuta sababu: huenda kuna jino la ziada lililojificha mfupani, au ukano mnene unaoshuka kutoka mdomoni na kupita kati ya meno. Binti huyu hakuwa na lolote kati ya hayo. Vitabu vyetu hukiita kipindi hiki cha bata mwenye sura mbaya, jina ambalo silitaji mbele ya mtoto.

Wakati huo mdogo wake amekaa kwenye benchi anacheka. Vijino vyake vya mbele vimejipanga kama shanga, hakuna hata pa kupitisha uzi. “Huyu hana neno,” mama akasema. Ndiye niliyempandisha kitini kwa zamu iliyofuata, na ndiye aliyenichukulia nusu saa.

Watu husifu meno ya utotoni yaliyobanana na kuhuzunikia yaliyoachana, na ni kinyume chake. Meno manne ya mbele ya utu uzima ni mapana kuliko manne ya utotoni yanayoyarithi: juu yanahitaji takriban milimita 7 zaidi, chini kama 6. Taya hukua, na meno mapya ya juu hutoka yakielekea mbele kidogo, kwa hiyo sehemu ya deni hilo hulipwa. Lakini mtoto wa miaka mitano mwenye vinafasi kati ya meno yake ana akiba mkononi. Asiye navyo anaanza na deni lote.

Na kijana huyu alikuwa na jambo jingine. Chini upande wa kulia gego la mwisho la utotoni halipo. Miezi michache nyuma liliuma, shavu likavimba, likang'olewa mahali fulani mtaani, na mama akaambiwa asijali kwa kuwa jingine litaota. Litaota kweli, lakini zamu yake ni miaka 10 hadi 12. Miaka minne mitano yote hiyo pengo liko wazi, na meno hayapendi pengo. Ni kama safu ya swala msikitini: mmoja akitoka, jirani husogea kuziba. Gego la nyuma huegemea mbele taratibu, na jino la zamu likifika linakuta nafasi imekwisha. Hapo linatokea pembeni, au linabaki limekwama mfupani.

Dawa yake ni ndogo. Pete ya chuma inavikwa gego la nyuma, ina kitanzi cha waya kinachogusa jino la mbele ya pengo, basi. Inashikilia nafasi mpaka mwenyewe afike. Hiyo ndiyo niliyomwekea.

Gego hilo la nyuma nalo lina kisa chake, na hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri. Linatoka kwenye miaka 6, nyuma kabisa ya meno yote ya utotoni, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Halitupwi juu ya paa, hakuna sherehe, mtoto hasemi kitu. Kwa hiyo nyumbani wanalihesabu kuwa la utotoni. Linatoboka kwa mabuyu na soda, na mzazi ananiambia, “Ling'oe tu, litaota jingine.” Halioti jingine. Ndilo la maisha. Hesabuni nyumbani: anzia katikati, nenda nyuma upande mmoja. Meno ya utotoni ni matano tu. Ukikuta la sita, hilo halina mrithi.

Ndiyo maana umri wa miaka saba unatajwa sana. Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kinapendekeza mtoto aonwe na mtaalamu kabla hajapita umri huo, kwa kuwa magego ya kwanza ya kudumu na baadhi ya meno ya mbele huwa yameshatoka, na mtu anaweza kusoma taya zinaelekea wapi. Kuonwa si kufungwa waya. Wengi ninaowaona nawarudisha nyumbani na tarehe ya kuja tena, na mzazi mwingine hukasirika kwamba amelipa ili aambiwe asubiri. Hata meno ya juu yaliyochomoza mbele, mara nyingi matokeo ya kuanza mapema hayapiti ya kungoja ujana. Faida ya kuwahi ni kupunguza hatari ya kuvunjika, kwa hiyo mtoto asiyetulia, anayeanguka kila siku, namfikiria tofauti na aliyetulia.

Kuna lisilongoja. Meno ya juu yanatakiwa yafunike ya chini pande zote, kama kawa juu ya sinia. Yakifunga kwa ndani, mtoto hutafuta pa kuumanisha meno kwa kulisogeza taya kando, na kidevu kikizoea upande mmoja kinaweza kukua hivyo. Mwambie aume, utazame mstari wa katikati wa meno ya juu na ya chini. Ukiona taya linateleza upande dakika ya mwisho, mlete. Kaakaa ni mifupa miwili iliyounganishwa kwa mshono katikati, na kwa mtoto mshono huo bado unakubali kupanuliwa kwa kifaa chenye skrubu ambayo mzazi huizungusha kidogo kidogo kwa kifunguo. Baada ya ujana unakaza, na kwa mtu mzima huenda ikahitajika upasuaji. Kinachowashtua wazazi ni kwamba wakati wa kupanua, mwanya hufunguka mbele ghafla. Nawaambia kabla, maana wasipojua hunipigia simu usiku. Hujifunga wenyewe.

Kidole nacho. Hadi miaka mitatu sisemi kitu. Akiendelea kunyonya mpaka meno ya mbele ya utu uzima yanakaribia kutoka, meno ya juu na ya chini huacha kukutana. Pilipili na mwarobaini sijaona vikifaulu peke yake, mtoto hunyonya akiwa na usingizi, hajui hata kama kidole kimo kinywani. Soksi mkononi wakati wa kulala imenisaidia zaidi. Na anayelala mdomo wazi akikoroma kila usiku, kwanza aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Yule binti nilimpa tarehe ya kurudi akiwa na miaka tisa na nusu, nimpapase ufizi wa juu kusikiliza kama chonge zinakuja. Mama alisimama mlangoni, hajaridhika.

“Na huu mwanya, daktari?”

“Uache.”

Akacheka. “Bibi yake atafurahi. Tangu juzi ameninunia, asema nataka kumharibia mjukuu wake uzuri.”