Stadi za maisha kwa watoto wa wafugaji: kazi yenyewe iko likizoni

Oktoba ikiisha mabweni yanafungwa, watoto wanarudi nyumbani hadi Januari, na kwa sisi tunaofanya kazi na shule za Tiaty na Marigat kule Baringo, na upande wa Pokot Magharibi hiyo ndio miezi tunaogopa kuliko yote. Mimi nakaa Nakuru, kazi yangu ni kuwafunza walimu vile watafundisha afya na stadi za maisha kwa vijana, hasa wa jamii za wafugaji, na swali naulizwa sana kwa wasapu na hao walimu ni moja tu: sasa hiki kitu hakina mtihani, tukifundishe lini na tufundishe nini hasa?

Wana haki ya kuuliza. Stadi za maisha ziliingia kwa ratiba kama somo la kujisimamia mwaka wa 2008, halitahiniwi, na mnajua kwa shule zetu kitu hakitahiniwi huishia wapi, hesabu inakimeza. Na sai kwa mtaala mpya mambo mengi yake yamepachikwa ndani ya masomo mengine, kwa hivyo kila mwalimu anadhani ni mwenzake anafundisha. Lakini kwa maoni yangu ratiba si ndio shida kubwa. Hata pale kipindi kipo, kinafundishwa kama orodha ya kukariri. Shirika la Afya Duniani lilitoa zile stadi 10 miaka ya 90, kujitambua, kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kuhurumia mwenzako, kukabili msongo na zingine, na mtoto wa gredi ya 7 huko Chemolingot anaweza kukutajia zote bila kukosa hata moja. Sasa muulize, ukifika nyumbani Desemba upate ng'ombe za mahari zishaanza kuongelewa, utaanzia wapi, utamwambia nani kwanza? Hapo kimya. Na hilo ndilo swali la pekee ambalo maisha yatamuuliza.

Angalieni takwimu za ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022. Nchi nzima, wasichana wa miaka 15 hadi 19 ambao wameshawahi kushika mimba ni asilimia 15. Samburu ni 50. Pokot Magharibi 36, Narok 28. Ukeketaji kitaifa umeshuka kutoka asilimia 38 mwaka wa 1998 hadi 21 mwaka wa 2014 hadi 15 mwaka wa 2022, na hiyo ni kazi kubwa imefanywa na watu wengi, lakini hiyo 15 ni ya Kenya yote kwa pamoja, ukienda kwa jamii moja moja unapata kwingine karibu haupo na kwingine bado ni jambo la kawaida kabisa. Na si ati hao wasichana hawajui sheria. Wanajua. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji iko tangu 2011, ya ndoa inasema miaka 18 tangu 2014, wanafundishwa, wengine wameimba hata kwa tamasha za muziki. Kujua wanajua, ni kwamba hakuna mtu amekaa nao chini akawaonyesha vile hiyo sheria inatembea kutoka kwa daftari hadi kwa boma la babake.

Kwa hivyo mimi walimu wangu nawaambia waanze na kalenda. Mambo mabaya mengi hayatokei katikati ya muhula mtoto akiwa bweni, yanatokea shule ikiwa imefungwa, na tuliliona hilo wazi 2020 wakati shule zilifungwa Machi na wengi hawakurudi hadi Januari 2021, kuna madarasa yalifunguliwa na viti vya wasichana viko wazi. Sasa kama hatari iko likizoni, basi somo la wiki tatu za mwisho za muhula liwe la likizo. Kila msichana, na kila mvulana pia, akae na mwalimu wa ushauri peke yake dakika chache watengeneze mpango: nyumbani utakuwa na nani, mtu mzima gani wa ukoo yuko upande wako, mambo yakiharibika unatoka saa ngapi, unapitia wapi, unafika kwa nani. Mwalimu ndiye anaandika na ndiye anaweka, mtoto asibebe hiyo karatasi nyumbani, tafadhali sana, kwa sababu ikipatikana kwa begi mmemtia matatani zaidi. Namba ya 116 ya kusaidia watoto ni ya bure na kila mtoto aijue kwa kichwa, lakini kuna vijiji huko ambapo netiweki unaipata ukipanda kilima, kwa hivyo namba peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu wa karibu. Wakati mwingine ni nyanya. Wakati mwingine ni shangazi ambaye yeye mwenyewe alikeketwa na hataki mwingine akatwe, au mchungaji wa kanisa, au yule mhudumu wa afya ya jamii anayepita na mkoba. Na kuna shule zinaacha bweni moja wazi likizo nzima kwa wale hawawezi kwenda nyumbani. Kama iko karibu, mtoto aijue na aijue njia ya kufika.

Halafu ile kusema HAPANA. Yaani hapa nitaongea kwa nguvu kidogo. Vitabu vingi na semina nyingi zinafundisha msichana asimame wima, amwangalie mzee machoni aseme hapana kwa sauti. Nani ameona hiyo ikifanyika kwa boma la mfugaji na huyo mtoto akalala kwake usiku huo? Tunamfundisha mtoto ukaidi halafu tunapanda gari tunarudi Nakuru, yeye anabaki na kiboko. Kwa nyumba nyingi neno zito halimfikii baba moja kwa moja kutoka kwa binti, linapitia kwa mama, kwa nyanya, kwa mjomba, kwa kaka aliyesoma, na hiyo si udhaifu, hiyo ndio njia ya mawasiliano yenyewe na ndio tunafaa kuifanyia mazoezi. Kwa hivyo darasani tunaigiza. Mmoja ni binti, mwingine nyanya, mwingine mjomba, na tunaigiza kwa Kipokot au kwa lugha ya Wachamus, kwa sababu maneno uliyoyazoea kwa Kiingereza cha darasani yatakukauka mdomoni siku unayahitaji. Tunatafuta maneno ya kusogeza siku mbele: naomba nimalize gredi ya 9 kwanza, mwalimu amesema nina nafasi nzuri, tungoje hata mvua irudi ng'ombe wapate nguvu. Kila muhula anaosogeza ni muhula wa shule. Na pale hatari ni ya usiku huohuo, hakuna mazungumzo tena, hapo ni ule mpango na njia ya kutoka.

Sasa kitu kingine ambacho naona tunakosea mpangilio. Tunaingia kwa shule ya wafugaji na jambo la kwanza tunafungua mdomo ni ukeketaji na mimba, wazazi wanasikia ati kuna watu wa Nakuru wanakuja kuharibu watoto, na mlango unafungwa kabla hujakaa. Anzeni na afya ambayo mzazi mwenyewe anaililia. Ugonjwa wa kala-azar, kwa mfano. Huko Tiaty, Marigat na Kacheliba hakuna boma hawaujui, na ukiachwa bila matibabu unaua karibu kila anayeugua. Unaletwa na usubi, kadudu kadogo kuliko mbu, kanauma kuanzia jioni na usiku, na mchana kanajificha kwa nyufa za vichuguu vya mchwa na mashina ya migunga. Na wavulana wanaochunga mbuzi wanakaa wapi jioni wakiangalia mifugo? Juu ya kichuguu, kwa sababu unaona mbali. Na familia nyingi kukiwa na joto zinalala nje. Hilo ni somo la afya limejaa kila kitu, sayansi iko ndani, maamuzi yako ndani, na mtoto akienda nyumbani ana kitu cha kusema ambacho mzee atasikiliza.

Dalili wanazofundishwa ni rahisi: homa imepita wiki mbili, amepimwa malaria hana au ametibiwa malaria na homa imerudi, anakonda huku tumbo la upande wa kushoto linajaa kwa sababu wengu limevimba. Huyo asipewe tena dawa za duka, apelekwe pale kuna kipimo, Chemolingot, Kimalel au Kacheliba, unatolewa damu kidogo na jibu linatoka hapo hapo. Matibabu yaliyozoeleka ni sindano za dawa mbili kwa siku 17, na hizo siku mama anafaa aambiwe mapema maana atalala hospitali na mbuzi zitabaki na nani. Mtoto wa shule anayeweza kumwambia mamake hivi vyote, amempa mama kitu cha maana sana. Na shule ambayo watoto wake walileta mgonjwa kwa kliniki mapema, wazazi wake wataitikia mkutano wakiitwa, na hapo sasa mnaweza kuongea juu ya hedhi, na baadaye kukatwa, na mnasikizwa kama watu wa nyumbani.

Maziwa pia ni hivyo, kuchemsha maziwa ili kuepuka brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa watu, na macho, kwa sababu trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, bado iko kwa hizo kaunti na kunawa uso ni sehemu ya kinga yake. Haya siyamalizi, mnayajua.

Kuhusu hedhi. Tangu 2017 sheria inasema msichana wa shule ya umma apewe sodo bure, na zikifika ni baraka, lakini kuna shule nimepata pedi ziko stoo na choo hakina mlango na maji yanaletwa na punda mara moja kwa siku. Msichana abadilishie wapi, atupe wapi, anawe na nini? Hapo hajatoroka shule kwa kukosa pedi. Kamati ya shule ikinunua mlango, kufuli na pipa la maji la choo cha wasichana peke yake imefundisha stadi za maisha kuliko mimi na chati zangu. Na wavulana wasitolewe nje hilo somo likifika! Wakitolewa wanarudi na kicheko, wakibaki wakaelezwa kama watu wazima hicho kicheko kinapungua.

Tena wavulana kwa jumla tumewasahau vibaya. Ukame ule wa misimu mitano bila mvua ya kutosha, 2020 hadi 2023, uliwaondoa wengi shuleni wakafuata mifugo mbali, na kule bonde la Kerio ukiongeza wizi wa mifugo na bunduki, kijana wa miaka 15 anaambiwa yeye ni mlinzi wa boma. Huyo ndiye baada ya miaka michache ataulizwa kama ataoa msichana ambaye hakukatwa. Akisema ndiyo mbele ya rika lake, jambo linabadilika, na hakuna semina ya wasichana peke yao italeta hilo jibu. Samburu kuliwahi kuanzishwa madarasa ya jioni ya watoto wachungaji, yale ya Lchekuti, mtoto anarudisha mbuzi halafu anasoma, na mimi sijaelewa kwa nini masomo ya afya hatuyapeleki huko saa hiyo. Baraza la elimu ya wahamaji liko kisheria, walimu wa shule za kuhamahama wapo, tupeleke.

Na Januari. Wiki ya kwanza mwalimu mkuu ashike rejista na ile mipango ya likizo, aangalie nani hajarudi, na atafutwe wiki hiyo hiyo, asingojewe hadi Machi ati labda ni karo. Waulize wanafunzi wenzake kwanza, wao hujua kila kitu, halafu chifu, halafu yule nyanya au shangazi aliyetajwa kwa mpango. Na aliyepata mimba au aliyejifungua, sera ya kumrudisha shule iko tangu 1994 na mwongozo wake uliandikwa upya 2020, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa, na mama wa huyo msichana aambiwe hivyo uso kwa uso, kwa lugha yake, mkiwa mmekaa kwake.