Iowa City: nani huhesabiwa, na huhesabiwa wapi

Sensa ya Marekani ya 2020 iliikuta Iowa City, jimbo la Iowa, ikiwa na wakazi 74,828, kutoka 67,862 mwaka 2010. Malalamiko tunayopokea kuhusu hesabu hiyo ni yale yale: kwamba wanafunzi si wa hapa, kwamba umaskini wa mji ni wa wanafunzi tu, na kwamba majibu yanaweza kumfikia mwenye nyumba au polisi. Na sensa ya 2030 inakaribia. Tunayajibu kwa Kiswahili kwa sababu mji huu una familia nyingi kutoka Kongo.

Kwanza, wanafunzi. Chuo Kikuu cha Iowa kina wanafunzi wapatao 30,000, na bado wapo wazazi wanaowaandika nyumbani Chicago au Des Moines. Sivyo! Kanuni ya sensa haiulizi kwenu ni wapi. Inauliza unaishi na kulala wapi sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuangalia tarehe 1 Aprili. Wa bwenini huhesabiwa kupitia uongozi wa bweni. Wanne waliopanga nyumba moja hujaza dodoso moja, mmoja akiwaandika wote. Aliyekuja kwa viza ya masomo naye huhesabiwa hapo hapo. Korona ilipowarudisha vijana makwao mwaka 2020, kanuni haikubadilika.

Ndiyo maana nusu ya wakazi wana umri usiozidi miaka 26 hivi, ilhali kwa taifa zima ni kama 38. Ndiyo maana pia umaskini huonekana mkubwa: mwanafunzi aliyepanga mtaani hupimwa kwa kipato chake mwenyewe, hata kama karo inalipwa na baba yake, lakini wa bwenini hapimwi kabisa. Wanaosema basi hakuna maskini Iowa City wanakosea vibaya. Familia ya watoto wanne inayoishi kwa mshahara mmoja imo ndani ya asilimia hiyo hiyo ya umaskini, na inafunikwa na wanafunzi.

Familia kama hizo ndizo tunazozikosa katika hesabu. Watu saba wanaishi vyumba viwili, baba anaandika wanne kwa kumhofia mwenye nyumba. Mwenye nyumba haonyeshwi dodoso. Hatuwezi kuisemea kila idara ya serikali, ila kuhusu majibu ya sensa sheria, yaani Sura ya 13 ya sheria za Marekani, iko wazi: hayapelekwi polisi, uhamiaji wala kodi. Mtumishi wa sensa huapa kutunza siri maisha yake yote. Akiivujisha, ni kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi dola 250,000, au vyote viwili. Majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Kukataa kujibu nako kuna faini.

Anayesahaulika zaidi ni mtoto mchanga. Fedha za barabara ambazo jimbo hugawia miji ya Iowa hufuata idadi ya watu, na mtoto wa wiki mbili ni mtu kamili katika hesabu hiyo. Mwandikeni, hata kama bado yuko hospitali alikozaliwa.